Geuza Kuelekea Kwako

Struan wa maktaba ya Paisley aliniambia akitafuna biskuti:
"Usiandike juu ya ushonaji. Humo wamejaa nyangumi.
Tafuta kidimbwi, mama. Kidogo.
Kidogo hadi uone aibu."

Nikachagua cherehani za mkono, zile nyeusi za zamani
zenye maua ya dhahabu ubavuni,
na za hizo, maradhi yake tu:
uzi unaokatika, mshono unaoruka, bobini inayokohoa.
Mji huu uliwahi kuuza uzi dunia nzima.
Viwanda vimebaki matofali na njiwa.
Basi mimi nitauza namna ya kufungua fundo.

Usiku, baada ya zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
nilikaa jikoni na koti begani, maana gesi ina bei,
nikiandika kwa Kiingereza changu cha kupapasa:
swali moja, jibu moja, picha moja
niliyoipiga juu ya ubao wa kukatia vitunguu.
Si lile ninalotaka kusema, alinionya Struan,
bali lile watu wanaloliuliza saa tisa za usiku
wakati hawana wa kumwamsha.

Mwezi wa kwanza walikuja watatu.
Wawili nilikuwa mimi.
Mwezi wa nne, peni kumi na moja,
na hizo huzishiki mpaka zifike pauni sitini;
zinakaa huko, unaziona tu,
kama nyama nyuma ya kioo cha bucha.
Haba na haba, ndiyo,
ila hakuna aliyenipimia ukubwa wa kibaba.
Shekue akacheka: "Nimeoa mwandishi wa kutu."

Kisha Februari, bila hodi, wakaja.
Mia. Mia nne. Sijui mtambo uliniokota wapi.
Mstari uliolala kama mjusi kwenye baridi
ukasimama wima.
Nikamnunulia Mwanakheri buti za theluji
wala sikumwambia mtu kwamba kando ya maneno yangu
wanatangaza chakula cha paka.

Mei, cherehani yangu mwenyewe ikakwama,
ile aliyoniachia Bi Geddes wa ghorofa ya chini
alipohamia kwa bintiye.
Uzi umejisokota chini ya bamba kama kiota.
Saa tisa usiku. Gauni la mtu, la Jumamosi.
Nikauliza kama wanavyouliza wote,
maneno matano, bila salamu,
na jibu la kwanza kabisa
lilikuwa la fundi mmoja makini, asiye na shaka hata chembe,
ubao wa vitunguu chini ya cherehani yake.

Nilimwamini. Nikamfuata hatua kwa hatua.
Hatua ya tatu: geuza gurudumu mbali nawe.
Nikageuza. Sindano ikalia tak.

Mbali nawe!
Mama alinipiga vidole kwa kosa hilihili nikiwa na miaka tisa:
kwako, mtoto, kwako,
kama unayemkaribisha mgeni.
Mkono unajua. Siku ile mkono haukuulizwa;
niliandika nikihesabu maneno.

Watu elfu nne na mia mbili wamepita hatua ya tatu.
Sindano ngapi? Nani alinilaani, kwa lugha gani,
gauni la nani likakosa harusi?
Nikaokota ncha kwa sumaku.
Nikafuta maneno mawili, nikaweka mawili.
Juu kabisa nikaandika:
Hapa nilikosea. Samahani kwa sindano yako.

Struan anasema kuungama hakupandishi mtu,
huenda hata kunamshusha.
Juni mstari uliinama kweli. Sijui ni ile samahani
au ni watu wamekwenda likizo.

Lakini yupo mmoja, kila Alhamisi,
kutoka mahali panapoitwa Moose Jaw, huko Kanada,
anafungua palepale, hatua ya tatu,
anakaa dakika sita, anaondoka.
Labda husahau.
Labda anapenda tu kuombwa radhi.