Kukamua

Nilikanyaga bibo bovu, Novemba,
chini ya mkorosho wetu wa mwisho,
nikatanguliza mkono kama kila aangukaye.
"Umeteguka tu," wakasema.
Nikachuliwa kwa mafuta ya ufuta miezi miwili,
nikiuma ncha ya khanga,
mpaka picha ya hospitali ikaonyesha mifupa minane
midogo kama kete, na kati ya kete mbili
pengo, kama la meno ya mtoto wa miaka saba.
Kano lililozishika limekatika, daktari akasema.
Akalishona. Akanifunga hogo.

Hogo! Newala nzima tunalima muhogo,
tunaumenya, tunauanika, tunatwanga makopa,
na mimi nikakaa wiki sita na mmoja usiolika,
mweupe, mzito, unaowasha ndani
pale njiti ya fagio isipofika.

Siku ya kulikata niliutazama mkono uliotoka:
mwembamba, una magamba,
na umetakata. Hilo ndilo lililoniliza.
Miaka kumi na minne ya kubangua korosho,
mafuta ya ganda yaliniandika weusi vidoleni
ambao majivu na limau vilishindwa kuutoa,
wiki sita za giza zikaufuta.
Ningekutana nao sokoni ningeuamkia kama mgeni.

Chinguile wa mazoezi ana sauti ya mtu
anayembembeleza mbuzi atoke shambani kwa watu.
"Geuza kiganja juu, Mama Somoe, kama unayepokea.
Sasa chini, kama unayekataa."
Kukataa niliweza siku ya kwanza.
Kupokea kulinichukua mwezi.

Mwezi huo nilikula kwa kushoto, nimegeukia ukuta.
Kwenye arobaini ya shemeji Bakili niliomba kijiko,
bibi mmoja akasema, wala si kwa kunong'ona,
"Siku hizi tunakula kizungu."
Sikumjibu. Ningemjibu kwa mkono upi?

"Nyumbani ukamue kitambaa," Chinguile alisema.
"Mkono ukiuma, acha. Ukivuta tu, endelea."
Ikabidi nijifunze, katika umri huu,
tofauti ya kuuma na kuvuta.

Basi kila jioni, vyombo vikishaoshwa,
nakamua kitambaa, naanika kwenye kamba.
Kinadondoka. To. To.
Maji ya kununua kwa ndoo, mchanga unayanywa bure.
Kisha Somoe, akidhani nimeingia ndani,
anakishusha, anakisokota mara moja
kwa mikono yake ya miaka kumi na miwili,
maji yanachuruzika kama yanayonicheka,
anakirudisha palepale, pembe ileile juu ya kamba,
ili nisijue.
Kila jioni nasimama nyuma ya pazia la mlango
nikijua.

Wenzangu wamefika gunia la mwisho bila mimi.
Daktari anasema kifundo hakitakunja tena kama zamani,
nitapata robo tatu.
Robo tatu ya nini, sikuuliza.
Hata debe lisilojaa lina mnunuzi wake.

Jana ukungu uliwahi kupanda, nusu ya uwanja haionekani.
Somoe akakishusha kitambaa, akakisokota.
Akakisokota tena, kwa upande wa pili.
Akakinusa, sijui kwa nini.
Akageuka kutazama mlangoni;
nikabana pumzi, pazia lisicheze.
Akakianika.
Halafu, kwa mazoea,
akafuta kwenye gauni lake
mikono mikavu.