Nje Kidogo ya Semi

Gerezani, karakana ya chapa, luku uniti mbili.
Bi Tunu kaleta karatasi ya arobaini ya mumewe;
mstari wa chini unaishia na jina la hadithi
aliyoiacha mezani: "Umefunga Mlango?"

Na nukta, mwanangu? Ndani ya semi au nje?

Nikamwambia kiulizi kinatosha, mama,
alama mbili hazilali kitanda kimoja.
Akaguna.
Miaka thelathini na moja, kila usiku,
aliniuliza hivyo hivyo,
nami sikujibu, niligeukia ukutani tu.

Luku ikakata.
Gizani nikasikia kidole kikipapasa karatasi,
kikavuka kiulizi, kikavuka funga semi,
kisha kalamu: tik.

Nakala mia mbili, zote na nukta yake.
Bosi akiuliza, nitasema mteja kajibu.