Tarakimu Nne

Funika kwa kiganja, Ng'washi,
kama tulivyokinga kibatari kule Igombe
upepo wa ziwa ulipotaka kukizima.
Usitumie mwaka uliozaliwa;
huo hata muuza vocha anaujua.

Mashine haiulizi, "Za nini?"
Mimi nauliza, maana nilizianika:
kila noti humo ni dagaa juani,
ni kunguru, ni mvua ya ghafla, ni mgongo.

Hukusikia. Kadi, nyepesi kama gamba la sato,
ikakupeleka Makoroboi, ukarudi na viatu vyeupe.

Sikugomba.
Nilikupa risiti usome mwenyewe:
salio, shilingi mia nane.
Ukaisoma mara mbili.
Kisha ukavivua viatu mlangoni,
ukavipangusa vumbi, polepole,
kwa pindo la sketi ya shule.