Mamangu Aenda Sinema

Mlinzi alipekua mkoba wa mamangu mlangoni,
akakuta tasbihi, panadoli, risiti ya stima ya Machi.
Viazi karai hakuviona. Vilikuwa kwapani,
ndani ya buibui, vikimchoma kimyakimya.
"Bisi shilingi mia tano, Batuli?
Mahindi haya haya ya Kongowea? Siwezi miye."

Filamu yenyewe ni ya mama na bintiye mtu mzima.
Wanagombania sufuria, wanagombania pazia,
wananuniana siku tatu kwa ajili ya chumvi.
Mamangu hajapata kuambiwa
kwamba watu wa kwenye skrini hawasikii.
"Muone alivyokaa! Mamake apika, yeye ahesabu kucha."
"Mama, polepole."
"Nasema naye, sisemi nawe."
Safu ya mbele ikageuka. Akawapungia mkono.

Ukaja usiku wa mvua.
Binti yuko nje na masanduku, anabisha,
na mama yuko ndani, kasimama, mkono juu ya komeo,
anatafuta la kusema kabla ya kufungua.

"Mfungulie!"
Ukumbi mzima ukacheka.
"Mfungulie, wee mwanamke, mtoto analoa!"

Mimi sikucheka.
Kibokoni, miaka mitatu nyuma, haikuwa mvua,
lilikuwa jua la saa saba,
masanduku mawili na feni,
na sauti ya dirishani, majirani masikio yamesimama:
"Umemwacha au umeachwa?"
Nilipojibu, ndipo kitasa kikalia.

Sijui alikumbuka saa ngapi.
Nilisikia tu kiti chake kimetulia,
karatasi ya viazi imeacha kuchakarika,
na hadi taa zilipowashwa hakumkosoa mtu.

Nje, Nyali, tukangoja tuktuk.
Akarekebisha mtandio
ambao haukuwa umekaa vibaya.
"Yule mama alikosea," akasema. "Angefungua kwanza."

Nikasubiri iliyobaki.

Akafunua karatasi: viazi vinne vimepondeka,
kimoja kizima, bado kina joto la kwapa lake.
Akanipa hicho.
"Kula. Na mafuta yake usinipake,
buibui hili la Idi."