Kwa Mguu wa Kushoto

Walipokata plasta sikukutambua.
Wiki tisa gizani, ukatoka na rangi ya majivu,
ngozi ikibambuka kama ganda la kitunguu,
paja limenywea, suruali inapwaya upande mmoja.
Kwamboka wa kliniki ya viungo akazungusha utepe wa fundi cherehani,
akakupima, akampima na ndugu yako wa kulia,
akaandika tofauti: upana wa vidole vitatu.
"Nyama haikuibwa," akasema.
"Msuli usiotumwa hujila wenyewe."

Na mimi nilikutuma, Mungu shahidi!
Miaka kumi na sita, Marikiti hadi Ngara,
magunia saba ya viazi na kilima mbele,
mpaka asubuhi ile mkokoteni uliporudi nyuma
na mguu niponye ukachelewa kuniponya.

Alinichorea nyuma ya kadi.
Msuli haujui kusukuma, kazi yake ni kuvuta tu.
Wa mbele ya paja ukivuta, goti hunyooka;
wa nyuma ukivuta, goti hukunjika;
mmoja ukikaza, wa pili sharti ulegee,
kama wapasua mbao wawili kwenye msumeno mmoja.
Pia ya goti, niliyodhani ni kifuniko,
kumbe ni kapi: ukano hupita juu yake, mzigo ukawa mwepesi.
Na shavu la mguu huirudisha damu juu
kama pampu ya Njagi inavyopandisha maji hadi tangi la paa,
siku stima ikiwepo.

Kazi ya kwanza ilikuwa aibu.
Taulo lililokunjwa chini ya goti:
libonyeze, hesabu kumi, achia.
Mwanamume mzima, chali sakafuni, anapigana na taulo!
Na taulo likashinda siku nne.
Ya tano ukatetemeka, kidogo, juu ya goti,
kama panya chini ya shuka.
Nilimwita mke wangu aje aone.

Kisha kigoda: kuinuka bila mikono,
kuketi bila kujibwaga. Mara nane. Tena nane.
Kisha visigino, nimeshika sinki maji ya ugali yakichemka,
juu ya vidole, chini polepole.
Kisha pakiti ya unga, kilo mbili, imefungwa kifundoni kwa leso,
ila Jumapili tukaisonga tukaila,
nikamalizia juma kwa chupa ya mchanga.
Nilipotaka kuzidisha, Kwamboka akanigombeza:
"Zoezi hupasua, usingizi hushona.
Leo lala."

Zikabaki ngazi. Huruma, ghorofa ya sita, themanini na nne,
Nduku amezihesabu kwa chaki.
Mzima hutangulia kupanda,
mgonjwa hutangulia kushuka:
ndivyo alivyofundishwa baba, na binti akaugeuza wimbo wa kuruka kamba,
jengo zima sasa linaujua ugonjwa wangu.

Kupanda nilikuogopa. Kushuka nilikudharau,
nikidhani mteremko hujilipia.
Wapi! Kushuka ndiko paja hukaza huku likirefuka,
linashikilia mzigo unaotaka kwenda,
linauachia kwa kipimo, unyayo kwa unyayo.
Nikasimama ngazi ya thelathini, balbu imekufa,
nikaelewa: ni Ngara ile ile.
Ni mkokoteni ule ule unarudi,
na mzigo, safari hii, ni mimi.

Jana tulishuka kwa zamu, wewe, yeye, wewe, yeye,
si kama mtoto anayekusanya miguu yote kila ngazi.
Nduku alikuwa nyuma, hakuimba.
Chini, mkokoteni umefungwa mnyororo getini,
magurudumu yamenywea.
Nikaukalia, nikakunyoosha juani,
ukawa unatetemeka, nikakuacha utetemeke.

Maana juu bado ni themanini na nne.