Maneno ya Saa Saba Usiku

Kizuri chajiuza, alisema Obwoge,
akakaa kwenye stuli ya karakana yetu, Shabaab,
miezi minne, mikono mapajani,
akingoja kizuri kijiuze.

Inkubeta kumi na moja ukutani:
mbao za saipresi, kioo, balbu, kipimajoto,
na kwenye ya tatu, utando wa buibui.
Tovuti tulikuwa nayo. Binamu yake aliijenga,
akaandika juu kwa herufi nono:
Suluhisho za Kisasa za Uatamishaji.
Nani huko Njoro huamka akiulizia uatamishaji?
Ilikaa ukurasa wa nne wa matokeo,
mahali ambapo hata mwizi hafiki.

Nikamwendea Jerotich, ghorofani, nyuma ya stendi.
Hakuniuliza nauza nini.
Aliuliza: "Mteja wako hulia kwa maneno gani?"

Akanifungulia orodha. Niliisoma
kama mtu anayesoma barua zisizo zake.

mashine ya vifaranga bei nakuru
kuku amekataa kulalia mayai
stima ikipotea mayai yataharibika
mayai mia yote viza nifanyeje

Hilo la mwisho lilitoka Subukia,
saa saba na dakika kumi usiku.
Saa hiyo naijua. Nami nimewahi kupasua
yai la siku ya ishirini na tano, pua nimeziba,
nikitumaini hata kidogo tu.

Basi nikafuta suluhisho. Nikafuta kisasa.
Nikaandika: Mayai yako ni viza? Soma hapa kwanza,
kabla hujanunua chochote.
Nikaeleza unyevu, nikaeleza kugeuza mara tatu kwa siku,
na alama ya penseli upande mmoja usije ukasahau.
Tukatenga shilingi mia tatu kila siku za matangazo.
Kila mbonyezo hula kumi na mbili,
mtu anunue, mtu asonye, ni kumi na mbili.

Kwanza pesa ilipotea.
Mwanafunzi aliyetaka kujua mayai ya mamba
huchukua siku ngapi: kumi na mbili.
Kijana anayetafuta kazi, yoyote: kumi na mbili.
Obwoge alizihesabu kwa sauti kila asubuhi
huku chai yake ikipoa.

Halafu Jumanne, mstari mmoja:

inkubeta mtoto njiti nakuru kuna nafasi wapi

Alibonyeza. Alikaa kwetu sekunde nne.
Sekunde nne mbele ya vifaranga wa manjano
na bei
na neno OFA.
Kumi na mbili.

"Hayo ni maneno ya kuzuia," alisema Jerotich. "Yaweke huku,
tangazo lisiwafikie tena."
Njiti. Mtoto. Hospitali. Wodi.
Niliyachapa moja moja,
kama anayefunga mlango taratibu ili usilie.

Mauzo yalikuja, sikatai.
Rongai, Molo, mwalimu mmoja wa Elburgon aliyetaka mbili.
Siku hizi tuko ukurasa wa kwanza, nafasi ya pili,
na buibui amehama.
Obwoge bado ana methali yake, ila ameiongeza kiraka:
kizuri chajiuza, kikiitwa kwa jina lake la nyumbani.
Mama wa Subukia alipiga simu.
"Ule ukurasa," akasema, "mliniandikia mimi?"
Nikacheka, nikamtajia bei ya usafiri.

Usiku nikifunga karakana huacha balbu moja,
ya mashine ya majaribio, mayai sita, siku ya kumi na tisa.
Naipitia orodha ya siku.
Vifaranga, bei, stima, viza.
Lile swali la Jumanne halijaonekana tena.
Nimelizuia mwenyewe. Sitajua kamwe
kama lilijibiwa.