Betri Hulala Ndani

Kwetu Verkhoyansk, jioni, kabla ya chai,
kila mtu huingiza ndani kilicho hai:
ndama aliyezaliwa mapema, paka, betri.
Nafungua kichwa cha hasi kwanza, kisha cha chanya,
spana namba kumi imenata kwenye glavu,
nami naikumbatia kama mtoto aliyegoma kutembea,
kilo kumi na tisa za risasi na asidi,
hadi kando ya jiko, juu ya gazeti la mwezi jana.

Kisha oili.
Injini ingali moto naimwaga debeni,
nyeusi, nyepesi kama chai.
Nikichelewa nusu saa inakuwa asali.
Nikichelewa saa nzima inakuwa lami,
na lami haimwagiki,
lami husubiri Aprili.

Prokopi Sleptsov wa ng'ambo ya uzio hucheka.
“Varvara Ilyinichna, wewe si dereva, wewe ni yaya.”
Yeye lake halizimi. Tangu katikati ya Oktoba
linanguruma uani ndani ya blanketi la kijeshi,
linakunywa petroli hata mwenyewe anapokoroma,
na moshi wake hauna pa kwenda:
unaganda palepale juu ya mapaa
kama mgeni aliyekwisha kuaga na haondoki.
Tumegombana miaka sita.
Mimi namtajia bei ya lita,
yeye ananitajia mgongo wangu.
Nilimwambia, mimi mwalimu wa hesabu,
kwamba pete za pistoni zinalika hata gari lisiposogea:
mita haihesabu usiku,
chuma kinahesabu.
Akasema chuma ni chuma.

Januari. Hamsini na tisa chini ya sifuri, shule imefungwa.
Saa nane za usiku nikaamka
nisijue kilichoniamsha.
Mbwa hajabweka. Jiko linawaka.
Nikakaa kitandani nimetega sikio
kama mtu anayepapasa ukuta asiione swichi.
Halafu nikajua:
kimya.
Mngurumo nilioulaani miaka sita haukuwepo,
na mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba,
ukawasha taa kuutafuta.

Tulimkuta ameinama chini ya boneti, bila kofia, mpumbavu.
Mshale wa petroli ulikuwa umeganda kwenye robo.
Robo! Tangi kavu kama kengele.
Na maji ya rejeta? Akanong'ona:
dawa ya kuzuia kuganda ilikuwa ghali msimu huu,
aliichanganya na maji ya mtoni, kidogo tu.
Sikumpigia kelele. Nilifungua koki,
tukakinga kwenye ndoo kabla halijapasuka bloku,
Afanasi akapeleka ndoo jikoni kwangu akikimbia,
akarudi na tochi ya moto ya baba yake,
akalala chali kwenye theluji akipasha bakuli la oili.
Nilichomoa kijiti cha kupimia:
oili imekishika kama nta ya mshumaa.
Ngoja, nikasema. Ngoja tena.
Mke wake Akulina alisimama ameshika taa
na kila pumzi yake ilianguka chini ikilia kama mchanga.

Nikaenda kuleta betri yangu, yenye joto la nyumba,
yenye harufu ya samaki wa jana.
Chanya kwanza, hasi baadaye.
Stata ikaguna mara moja, kama ng'ombe mzee.
Mara ya pili, hata kuguna hakuna.
Prokopi akaliwekea gari mkono kwenye tairi,
akasema jambo ambalo sikusikia,
nadhani halikunihusu.
Mara ya tatu likakohoa, likatema moshi mweupe, likashika.

Hakunishukuru. Alisema,
“Spana yako imeisha meno.”
Ni kweli, imeisha.
Nikarudisha betri kando ya jiko, nikafuta vichwa vyake
kwa kitambaa na magadi kidogo,
nikavuta blanketi.

Nje lilikuwa linanguruma.
Nikahesabu lita zinazopotea, kama kawaida yangu,
moja, moja na nusu,
wala sikufika mbili,
usingizi ukanichukua.
Prokopi asijue.